Neno la Kufungia Mlima

Kazi yangu ni useremala na vibao. Ukiingia bondeni kwetu kwa barabara ya juu, kila kibao cha kijani utakachokutana nacho nimekipaka mimi: USIWASHE MOTO, USIKATE MITI, ENEO LIMEFUNGWA. Wenzangu wanaacha watoto duniani, mimi nitaacha makatazo. Mama anasema ndiyo maana sikuolewa tena, kwamba mwanamume akiona mwandiko wangu anajua mapema nyumba itakuwaje.

Mwaka huu Mkuu wa hifadhi alinitoa kwenye vibao akanipa kazi kubwa zaidi: nimtengenezee mlima. Alitaka uwe juu ya meza ya chumba cha kupokelea wageni pale ofisini, pamoja na bonde lake na vijito vyake, ili mgeni akifika aelewe kila kitu kabla hajachafua viatu. Nikapigilia waya wa kuku juu ya mbao, nikabandika magazeti kwa gundi, nikapaka jasi. Msitu niliutengeneza kwa unga wa mbao niliouchovya rangi. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye Shavu, nikasita na brashi mkononi.

Shavu ni mteremko mpana ulio juu ya nyumba ya mama, kati ya mashamba na msitu. Umetokeza kama shavu la mtu aliyejaza chakula mdomoni, ndipo ukapata jina. Chini yake inatoka chemchemi inayolisha bonde zima. Sasa niambie, Shavu lina rangi gani? Nilipokuwa msichana nililiona la kijani, mbuzi wamelijaa. Nikaliona la hudhurungi, limetoka kukatwa majani. Nikaliona la manjano, limeachwa lipumzike na maua yamefumuka mpaka nyuki wanagongana. Mkuu alikuwa amenipa kopo moja tu, la kijani.

"Paka tu, Fundi," akaniambia akipita. "Msitu utashuka wenyewe mpaka hapo. Upe miaka."

Niwaeleze huyu Mkuu ni nani, msije mkamchukia bure. Ni kijana aliyesomea udongo na maji, anawajua ndege kwa sauti, na viatu vyake vina tope la kweli. Alipokuja kwetu mlima ulikuwa hoi. Walishapita watu wa mbao na misumeno yao, na walipoondoka tukaingia sisi wenyewe na mashoka kumalizia walichobakiza, tukachoma mkaa, tukauza, tukala, tukasahau. Watu wa bonde si malaika, na anayekwambia vinginevyo anataka kura yako. Chemchemi ilikuwa imebaki kutoa maji kama chai inayomiminwa na bahili.

Basi misimu kadhaa iliyopita Mkuu aliitisha mkutano kwenye darasa la shule. Watu wazima tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigombana na kidevu. Yeye alikuja amejiandaa kwa vita. Alileta picha, michoro, na chupa ya maji ya tope aliyoiweka mezani kama ushahidi wa mauaji. Akaeleza, akaeleza, halafu akasema, "Ndugu zangu, naomba tufunge Shavu." Akashusha pumzi akisubiri kelele.

Kaka yangu akasimama. Yeye ndiye mkubwa wetu, anaishi na mama huko juu, ana mbuzi na mizinga ya nyuki, na wafugaji wenzake wanamsikiliza. Akasema, "Tufunge." Nyuma yake watu wote wakaitikia: tufunge, tufunge. Mikono ikainuka, wangu ukiwemo. Mkutano ukaisha chai haijachemka. Mkuu alitoka pale na uso wa bwana harusi, na kwa muda mrefu baadaye akawa anawasimulia wageni kwamba hajawahi kuona watu waelewa kama wa bonde hili.

Hakuna aliyeona tatizo. Tatizo lilikuja ofisini mwaka huu, asubuhi moja ya jua kali, likiwa limevaa koti la marehemu baba.

"Hodi humu."

"Karibu, kaka, karibu," Mkuu akasema, akainuka kabisa kumpa mkono. Wanaheshimiana wale wawili. Kaka alijifuta miguu mlangoni mpaka nikaona aibu, kisha akaja kusimama karibu na meza yangu, kofia mkononi.

"Mkuu, nimekuja kwa lile la Shavu. Limepona. Majani yamefika kifuani. Wenzangu wamenituma, tunataka kulifungua."

"Kufungua nini?"

"Shavu."

Mkuu akatabasamu, akidhani ni utani. "Kaka, Shavu limefungwa."

"Ndiyo. Lilifungwa, limepumzika, limepona. Sasa tunalifungua."

"Limefungwa," Mkuu akarudia polepole, kama anayesema na mgonjwa wa masikio.

"Nimesikia. Kwani nimesema halikufungwa?"

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, kana kwamba mmoja wao alikuwa amehama Kiswahili na mimi ndiye mkalimani. Na mimi nilikuwa nimewaelewa wote.

Kwetu mteremko ukichoka unafungwa. Haupelekwi mbuzi, haukatwi jani, hata mtoto akimfuata kipepeo huko anaitwa arudi. Majani yakishakuwa marefu na mbegu zimedondoka, unafunguliwa. Watu wanakata, mifugo inafuata, kisha unafungwa mteremko mwingine. Ndivyo mlima ule ulivyoishi na watu tangu babu wa babu, na ndivyo yale maua ya manjano yalivyopata nafasi ya kuota. Hakuna aliyewahi kuuliza tunafunga mpaka lini, kama ambavyo humuulizi mtu anayefunga mlango wa nyumba yake kama ana nia ya kuufungua. Ofisini kufunga ni kufunga, ni neno la kwenye kibao, na kibao nilikipaka mimi bila kuwaza chochote zaidi ya herufi zisipinde.

Kaka akanyoosha kidole kwenye mlima wangu. "Hapa mbona kijani?"

"Ndiyo rangi niliyopewa."

"Ungekuja nyumbani ukatazama. Hapa pamekauka." Akamgeukia Mkuu. "Majani yale hayajaliwa wala kukatwa miaka yote hii. Yamelala juu ya mengine, makavu, mpaka mguu hauoni ardhi. Upepo wa kiangazi ukianza, anahitajika mtu mmoja tu na sigara yake. Moto utashuka kwa mama na utapanda kwenye msitu huohuo unaoulinda. Tufungulie tukate, angalau ule ukanda wa chini na ule wa juu."

"Moto utatoka wapi? Watu hawaingii. Eneo limefungwa."

"Moto hausomi vibao," nikasema. Nilicheka peke yangu.

Mkuu alikaa. Alijikuna kichwa, na aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu aliyeumwa na nyoka zamani. "Upande wa pili wa mlima walifunguliwa kwa wiki moja tu, wakate majani. Nilikuwa msaidizi kule. Wiki ile walikuja watu wasio na mbuzi hata mmoja, na waliondoka na miti. Leo hii kule kuna korongo, na chini ya korongo hakuna kijiji. Nikifungua, kaka, nitajuaje nani anaingia?"

Lilikuwa kweli, na kila mtu analijua.

"Halafu makubaliano yetu yalishapelekwa juu," Mkuu akaendelea. "Yanasema Shavu limefungwa kwa kudumu."

"Nani alisema kudumu?"

"Mlisema tufunge."

"Haya," kaka akasema, akavaa kofia. Ile haya naijua. Baba alikuwa nayo. Ni haya ya mtu ambaye mazungumzo yamemwishia na anakwenda kutafuta mundu.

Hata wiki haikuisha akakamatwa. Alianza kukata kinga ya moto nyuma ya nyumba ya mama, ukanda mwembamba tu, ila ulikuwa ndani ya vibao. Aliyemkamata ni askari wa hifadhi tunayemwita Kibao, kwa sababu ya msemo wake: "Mimi sisomi nyuso, nasoma kibao." Ni jirani yetu. Amekulia jikoni kwa mama, akila na sisi sahani moja, na siku ile alimleta kaka ofisini huku yeye ndiye anayeonekana mfungwa. Mundu ukawekwa kabatini. Kaka akakalishwa benchi lililo chini ya mlima wangu mpaka Mkuu alipomaliza simu zake, akamwachia kwa onyo. Safari nyingine, akaambiwa, ni polisi.

"Unatengeneza mlima mzuri," kaka aliniambia akitoka. "Huu hauungui."

Nilikasirika mpaka nikavunja brashi. Jioni ile sikwenda kwangu, nilipanda kwa mama.

Nilimkuta jikoni anachambua maharage, mguu mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Nyonga imemharibikia, kwa hiyo sasa anatembea kwa mdomo. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijakaa akaanza.

"Umeona mnavyomfanya mwenzio? Na vibao vyenu."

"Mama, mimi napaka tu."

"Hata mnyongaji anasema yeye anashika kamba tu."

Nilimwachia. Mama ukimjibu unampa kuni. Nikamuuliza kama ni kweli moto uliwahi kushuka, kwa sababu kaka husema hivyo na mimi sijawahi kusimuliwa. Akatupa kijiwe dirishani.

"Nilikuwa bi harusi. Wanaume waligombana nani aanze kupeleka mifugo, ugomvi wa kijinga, mmoja alimtukania mwenzake mbuzi. Wakasusiana. Shavu likabaki limefungwa, msimu, msimu mwingine, hakuna anayetaka kujishusha. Moto ulipokuja ulichukua nyumba ya mama mkwe na ng'ombe wake ndani, ukapanda msituni ukakaa huko siku nyingi. Chemchemi ilitoa maji yenye majivu. Nimepika kwa maji yale." Akachambua kidogo. "Na usidhani tulikuwa na akili sana. Mwaka mwingine tukafungua mapema kwa uroho, udongo haujashika, mvua ikaporomosha lile tuta la chini lote. Tuliungua ndipo tukajua, tukafunikwa na tope ndipo tukajua. Sasa naona mnataka kuanza upya darasa la kwanza."

Nje majani ya Shavu yalikuwa yanapiga mluzi. Upepo uliingia kwa kasi, maganda yakaruka sakafuni.

"Shindika mlango," mama akasema. "Baridi."

Nikainuka, nikausukuma mlango mpaka ukagusa fremu, nikauacha hivyo bila komeo. Mkono ukabaki pale pale kwenye ubao.

"Mama, kwa nini hukuniambia nifunge?"

"Ufunge ili nini? Kaka yako hajarudi. Unataka asimame nje kama mdeni?"

Nilicheka, na kile kicheko kilikuwa karibu sana na kilio. Maisha yangu yote neno lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni kwetu. Unafunga ukiwa umemaliza. Unashindika ukiwa unamngoja mtu. Watu zaidi ya mia tulikaa darasani siku ile, na hakuna hata mmoja aliyesema tushindike.

Kesho yake nilimfuata Mkuu kabla hajanywa chai. Nilimweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, mlango na komeo na kaka na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu kidogo.

"Bibi yangu alikuwa akisema hivyo," akasema. "Shindika, mjukuu wangu, babu yako yuko njiani. Nilikuwa nimelisahau kabisa."

"Basi umeelewa."

"Nimeelewa, Fundi. Nadhani nimeelewa tangu siku ile kaka yako alipokuja. Lakini walio juu yangu hawana neno hilo. Nikiwaandikia leo, watajibu msimu ujao."

"Na upepo?"

"Upepo siwezi kuuandikia barua." Alionekana hajalala. Alikuwa anakwenda mjini siku ileile kuwachukua wakubwa waliotaka kuja kuona mlima wa watu waelewa, na angerudi nao Jumatatu. Akiwa ameshaingia garini akashusha kioo. "Vile vibao vya Shavu vimefifia. Vipake upya kabla hatujarudi. Andika kinachosomeka."

Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Nimeigeuza ile sentensi kila upande. Pengine ilikuwa ni rangi tu.

Ijumaa asubuhi nilipanda na kopo na ngazi. Nikafuta vibao vya chini vyote, nikaandika kwa herufi kubwa, nyeupe juu ya kijani: ENEO LIMESHINDIKWA. Kibao, yaani askari, alinikuta kwenye kile cha njia ya mbuzi. Akasoma midomo ikicheza.

"Limeshindikana?"

"Limeshindikwa. Soma vizuri."

"Nani kakwambia uandike hivyo?"

"Mkuu kaniambia niandike kinachosomeka. Kinasomeka?"

Akasoma tena. Alikuwa anatafuta pa kukosoa na hapati. "Eneo likifungwa namkamata mtu. Likishindikwa nafanya nini?"

"Mlango ukishindikwa kwenu, mgeni anafanya nini?"

"Anabisha hodi." Alikuwa ameshaona njia inakokwenda, na huko mbele aliona mshahara wake na mkewe mwenye ujauzito wa miezi saba.

Kaka alikuwa ameshawaambia wenzake. Walikuja kwa vikundi, wanaume kwa wanawake, miundu imefungwa matambara, bila kelele, kama watu wanaokwenda kwenye msiba wa mtu waliyemdai. Wakasimama mbele ya kibao. Rangi ilikuwa bado mbichi na upepo ulikuwa unaibandika vumbi. Kaka akatoa kofia.

"Hodi," akasema.

Askari alitazama kibao. Hakujibu.

"Hodi."

 Kila mtu pale alijua hesabu hii kwa sababu tumelelewa nayo sote. Hodi ni tatu. Ukibisha mara ya tatu usijibiwe, unageuka unaondoka, na hulazimishi. Kama asingejibu, kaka angegeuka kweli, na wote wangemfuata, na Shavu lingebaki limesimama kavu juu ya nyumba ya mama likingoja mtu mmoja na sigara yake. Nilitamani nijibu mimi. Lakini haikuwa nyumba yangu kuijibia, mimi nilikuwa mchoraji wa mlango tu.

Kaka alingoja muda mrefu kabla ya ile ya tatu. Alikuwa anamwonea huruma.

"Hodi."

"Karibuni," askari akasema. Kisha akarudia ili wa nyuma wasikie. "Karibuni. Miundu tu. Mmoja mmoja."

Akasimama njiani akaanza kuwakagua, na hapo ndipo hofu ya Mkuu ilipothibitika ingawa hakuwepo kuiona. Yupo jamaa yetu mmoja, mtoto wa baba mdogo, anayependwa na kila mtu kwa vichekesho. Alikuwa na mundu mkononi, na ndani ya koti alikuwa na shoka. Askari aliligusa kwa nje. Hakulitoa.

"Wewe hodi yako haijasikika," akamwambia.

Jamaa akacheka, akatafuta macho ya kumsaidia, akakuta yote yako chini. Kaka alitoka mstarini akamshika bega akamgeuza. Sikuwahi kumwona kaka ameaibika vile, hata benchi la ofisini halikumfanyia hivyo.

Walikata Ijumaa ile, Jumamosi na Jumapili. Walianza na ukanda wa chini, nyuma ya mashamba na nyumba, wakaufanya mpana wa kutosha gari kupita. Chini ya yale majani makavu ardhi ilikuwa nyeusi na laini, na maji ya chemchemi yalikuwa mengi, na sifa hiyo ni ya Mkuu, lazima nikiri. Kufunga kulikuwa kumeponya. Ukanda wa juu, wa kulinda msitu, ulifika nusu tu. Na katikati Shavu lenyewe lilibaki limesimama lote, refu, la manjano ya kufa, bila ua hata moja. Kaka alisema wangehitaji wiki nyingine. Jumapili mchana tuliona moshi mwembamba mbali, upande wa pili wa mlima, na kila mtu akaongeza kasi bila kuambiwa.

Jumatatu magari yalipanda mapema kuliko tulivyodhani. Watu wetu walikuwa wametoka, isipokuwa kaka aliyekuwa anarudia kingo za kinga na mundu wake. Wakashuka wakubwa watatu na viatu safi, Mkuu nyuma yao. Mimi nilikuwa chini ya kibao changu na ngazi yangu, kwa sababu niliona nikisingizia ugonjwa nyumbani haitasaidia. Askari alikuwa amesimama wima kando yangu.

Mkubwa wao, mzee mwenye miwani, alisogelea kibao. "Eneo limeshindikana," akasoma. "Nini kimeshindikana hapa?"

"Limeshindikwa, mheshimiwa," nikasema.

"Ndiyo nini?"

Nilifungua mdomo. Mkuu akanitazama, akamtazama askari, kisha akatazama juu, kwenye ule ukanda mpya uliokatwa vizuri na kaka yangu amesimama katikati yake. Aliona kila kitu. Niliona anavyoona. Alikuwa na bibi aliyemfundisha neno lile, na alikuwa mtu pekee pale ambaye wangemwamini.

"Ni neno la watu wa huku," akasema. "Maana yake limefungwa."

"Na ule ukanda uliokatwa?"

"Kinga ya moto. Niliagiza mimi."

"Vizuri. Basi muandike lugha inayoeleweka na wote," mzee akasema, na wakaendelea na safari yao, wakipiga picha.

Alibaki nyuma kidogo. Nilikuwa nakusanya brashi kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Ningesema nini, Fundi?"

"Ungesema unachokijua."

"Ningesema ninachokijua, wewe na askari mngekuwa hamna kazi kabla ya jua kuzama. Na kaka yako angelala polisi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniuma. Kwa sentensi moja alikuwa ametuokoa sisi watatu na kulitia Shavu komeo. Nikamuuliza habari ya majani yaliyobaki, yote yale, juu pale. Akasema ataandika barua, na kwamba mwakani pengine. Nikamwambia upepo haujui mwakani. Akawafuata wageni wake. Nami nikapanda ngazi, nikapaka kijani juu ya neno, na juu ya kijani nikaandika lile la zamani. Herufi hazikupinda.

Nilipomaliza nikateremka kwa mama. Jua lilikuwa limeanza kuelekea mlimani, na ule moshi wa upande wa pili ulikuwa umenenepa. Mama alikuwa jikoni, palepale. Alinitazama rangi mikononi.

"Wamesemaje?"

"Wamesema kushindika ni kufunga."

 Mama alikusanya maganda kwenye khanga yake, taratibu, mpaka la mwisho.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Yuko juu. Anasema atakaa kwenye kinga mpaka upepo utulie. Amechukua ndoo."

"Ndoo," mama akasema.

Upepo uliingia tena, ukapeperusha majivu ya jikoni. Nikainuka kwenda mlangoni, mkono ukaenda wenyewe kwenye komeo kwa sababu baridi ilikuwa kali kweli.

"Wee," mama akasema. "Mwenzio yuko nje."

Nikaushindika. Upepo ukaufungua.